Shimo la Jasi Nyuma ya Boma

Doha

Ndugu yangu Lemayian,

Sopa. Mkeo hajambo? Na Yeyo, mama yetu, kile kikohozi kimemwachia? Mimi niko na afya, namshukuru Mungu, ila usingizi umenigomea. Barua hii nimempa mwenzangu wa kazini anayekuja nyumbani likizo, kwa sababu kwa simu unaniitikia "sawa, sawa", halafu unasema uko sokoni Kitengela na mbuzi wanapiga kelele.

Kazi ni ileile, kusafisha nyumba mpya mafundi wakishamaliza. Juma hili walipigilia bodi za jasi darini. Vumbi lake jeupe linaingia hadi kwenye meno, na nikilifagia nakumbuka kwetu. Pengine jasi ya shamba letu nayo imeshafika kwenye dari ya mtu, au imesagwa ndani ya saruji. Sisi tumebaki na shimo.

Sikukulaumu ulipowakubalia wachimbaji, maana ukame ulikuwa umetumaliza. Na mvua ilipolijaza shimo hata mimi nilifurahi, nikasema Mungu ametupa bwawa. Ng'ombe walishuka kunywa kwa ile njia ya malori, na Yeyo akashuka hapo hapo na mtungi wake. Macho yake yamefifia, lakini mteremko ule aliuzoea.

Sasa unaniambia, tena kwa furaha, kwamba mashine zilirudi zikakwangua jasi iliyobaki kwenye mteremko. Lemayian, walichukua njia yenyewe. Pale sasa pamekatwa wima, na chini ni maji. Nilipokuuliza kama umezungushia miiba, ulijibu kwamba ng'ombe wanaona, watapita kando. Ng'ombe wanaona, ndiyo.

Nilimpigia Yeyo nikamsihi asiende huko. Alicheka.

"Wacha uoga, Nasieku. Macho haioni, lakini hiyo njia miguu inaijua."

Tangu hapo nina hofu, ndugu yangu, na niko mbali, siwezi lolote. Wewe unaondoka na mbuzi alfajiri, mkeo anashinda dukani Isinya, na Yeyo unamjua, hapendi kumtuma mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hapa tutachimba kaburi. Tafadhali kata miiba uzungushe shimo lote. Kisha mshike mkono umpeleke aiguse mwenyewe, miguu yake ijifunze upya.

Nisalimie mkeo, na mjomba Parsaloi aliyetulea baada ya Baba kufariki, na shangazi wa Illasit akipiga simu.

Yeyo aliniambia hajaenda shimoni tangu mashine ziondoke, kwa vile mvua ilijaza mapipa ya nyumbani. Kwa hiyo ukifika hapa usiikunje barua kwanza. Nenda ugonge yale mapipa, usikie kama bado yana maji.

Dada yako,
Nasieku