Kila Njia Kijani

Alhamisi, jioni. Mvua ya jana imeacha matope hadi mlangoni, na mawingu bado yamekaa juu ya Kerende, hapa Nyamongo, kama mgeni asiyetaka kuaga. Suruali yangu imelowa, mgongo unauma kwa kukaa kwenye pikipiki, na nina aibu. Naandika sasa hivi kabla sijaanza kujitetea.

Siku nne hizi nimemshuku kila mtu. Kweli, kila mtu.

Kwa asiyejua: Jumatatu tulizindua upya Njia Zetu, tovuti yetu ya kupangia safari za huku, Tarime na Serengeti. Wanaitumia wachimbaji waliotoka mikoa mingine wakitaka kurudi kwao, wageni wa mbugani wanaolala vijijini, watu wa harusi, watu wa misiba. Kila njia ina mwenyeji wake, mtu anayeishi hapo hapo kando ya barabara, na ndiye anayetuambia kila asubuhi njia ikoje. Wako kumi na mmoja. Bila wao tovuti ni picha tu.

Ile ya zamani ilikuwa na sura mbaya, lazima niseme. Kila mwenyeji alikuwa anaandika anavyotaka. Mama Nchagwa wa Kisaka, anayeuza chai na maandazi karibu na korongo, alikuwa anaanza kwa kutusalimia wote, anatueleza ng'ombe aliyezaa, anamwombea mchungaji anayeumwa mguu, halafu mwisho kabisa, ukiwa umeshachoka kusoma, anasema korongo limejaa, msije. Nilikuwa naona haya watu wa mjini wakisoma yale. Ndiyo maana nikataka mpya: ramani safi, rangi tatu, na mwenyeji anabofya kitufe kimoja tu. Akibofya Nzuri, njia inakuwa kijani. Ina matope, njano. Haipitiki, nyekundu. Basi.

Jumatatu njia zote kijani. Jumanne kijani. Jana, na mvua ile iliyong'oa mabati ya jirani, kijani.

Masika hii hii? Mh!

Wa kwanza kumshuku alikuwa Shija. Huyu ndiye aliyeijenga tovuti mpya. Alikuja Nyamongo miaka ya nyuma kutafuta dhahabu, kwao Kahama, akachoka na mashimo, akafungua steshenari na kujifundisha kompyuta mwenyewe. Wiki iliyopita nilimwona anakunywa soda na mtu mmoja wa magari ya watalii kutoka Mugumu, wanacheka. Nikajiambia, hapa kuna jambo. Huyu anapaka kijani ili tovuti ipendeze, aiuze, aondoke zake.

Jumanne dereva mmoja aliandika chini ya ramani, "Kijani cha wapi hicho?" Na huyo nikamshuku. Nikaona katumwa kutuharibia, nikaufuta ujumbe wake. Sijamwambia mtu mpaka leo ninapoandika hapa.

Jana asubuhi nikaenda steshenari nimeshafura. Nilimwambia Shija maneno ambayo sitayarudia yote. Nilimwambia yeye ni mtu wa kuja, leo yupo kesho amehama, na sisi wenye kwetu ndio tutabaki na lawama. Wateja walikuwepo, mmoja anatoa nakala ya cheti. Shija aligeuza kompyuta nione: kila kijani ina namba ya simu ya mwenyeji na saa aliyobofya. Kijani ya Kisaka ilibofywa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa simu ya Mama Nchagwa.

Akasema, "Sawa, dada," akaenda kumhudumia mteja.

Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikahamisha shuku. Nikakumbuka Mama Nchagwa ana vijana wake wawili pale korongoni, na kazi yao ni kusukuma magari yaliyokwama. Nikapiga hesabu yangu ya kishetani: njia ikiwa kijani magari yanakuja, yakija yanakwama, yakikwama wanawe wanapata ugali. Mwanamke aliyewahi kunifungia maandazi ya bure nikiwa na homa! Nikamwona tapeli, na nikalala nikiamini hivyo.

Leo asubuhi mama yangu akanipigia. Mama anaimba kwenye kwaya ya kanisa, na Jumamosi kwaya nzima inakwenda kuimba kwenye harusi Kenyamonta. Alikuwa na furaha. Mwenyekiti wao ameangalia tovuti yangu, akaona ya Kisaka ni kijani, wameamua kukata huko huko badala ya kuzunguka Mugumu. Kosta imeshakodiwa. Watu thelathini, na yeye amewaambia wote kwamba hiyo kazi ni ya mwanawe.

Lile korongo nalijua. Ni zege la kupitia tu, maji yanapita juu yake, na yakiamua hayangoji uimbe pambio.

Nikamwambia asimwambie mtu kitu kingine mpaka nimpigie, nikaita bodaboda. Kijana akaniangalia, akauliza Kisaka kufanya nini siku kama hii. Nikamwambia mura, wewe endesha. Tulianguka mara moja, tukasukuma mara tatu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Mama Nchagwa, makali, na mbele ya wanawe.

Tulisikia korongo kabla hatujaliona. Maji mekundu, yanakwenda na matawi. Zege halionekani. Upande wa pili lori limesimama, dereva kalala chini yake kwenye turubai kana kwamba amehamia. Wale vijana wawili wa Mama Nchagwa hawakuwa wanasukuma chochote. Walikuwa wamefunga kamba kati ya miti miwili kuvuka barabara, na wamesimama hapo wakirudisha watu.

Hata hivyo nikaingia kwenye kibanda cha chai nimekunja uso.

Nikamwamkia, shikamoo mama. Akaitika marahaba, akanivutia kigoda, akaniuliza habari za Nyamongo.

Nikasema nzuri.

Nzuri! Nimelowa mpaka ndani, nimemtukana Shija mbele ya watu, mama yangu anataka kuletwa majini keshokutwa, na mdomo wangu unasema nzuri bila hata kufikiri. Mama Nchagwa akanimiminia chai, akaninyamazia, akingoja. Ndivyo tunavyofanya sote huku. Unasema nzuri kwanza, mwenzako anakupa nafasi, ndipo unasema, ila.

Nikasema, "Ila mama, kwa nini unabofya nzuri na korongo liko hivi?"

Alinishangaa kabisa.

"Mwanangu, simu yako inaniuliza habari ya njia. Mtu akikuuliza habari, utamrushia mabaya hata hajakaa? Naijibu nzuri. Halafu nangoja iniulize zaidi. Haiulizi! Inasema asante, inaondoka. Nikajua na nyie siku hizi hamtaki maneno yangu."

Nikaweka kikombe chini.

Swali lile nililiandika mimi. Shija alikuwa ameandika, "Je, barabara inapitika?" Nikamwambia hiyo lugha ya polisi, watu wetu lazima wasalimiwe. Nikafuta, nikaweka, "Habari ya njia leo?" Nikajisifu hata hapa kwenye blogu kwamba nimeipa tovuti utu. Na pale chini palipokuwa na nafasi ya kuandika maelezo, pale ambapo ile ila ingekaa, ni mimi niliyesema paondolewe. Shija alibisha. Alisema paachwe, wazee watakuwa na la kuandika. Nikamwambia ndicho ninachokikataa.

Niliwapigia wenyeji wengine watatu palepale kibandani. Wote nzuri, ila. Nzuri, ila daraja la miti limechukuliwa. Nzuri, ila tangu Jumanne hakuna gari lililopita. Siku nne tumekuwa tukiwaambia watu waje, kwa ramani safi ya rangi tatu, na Mungu tu ndiye aliyewazuia wasizame.

Nilimwomba Mama Nchagwa msamaha, ingawa hakujua ni wa nini na sikuwa na ujasiri wa kumweleza ile hesabu yangu. Akanifungia maandazi. Bure tena.

Kisha nikampigia mama yangu. Yeye ndiye aliyenimaliza. Nilimwambia korongo limejaa, naliona kwa macho yangu, mzunguke Mugumu. Akasema lakini kwenye tovuti ni kijani. Nikamwambia mama, ni mimi, Bhoke, nimesimama hapa. Akasema ngoja kwanza amuulize mwenyekiti. Mwanawe wa kumzaa anamwambia maji, na yeye anaamini rangi aliyoiweka mwanawe huyo huyo! Nilipiga picha ya maji na kamba nikamtumia, ndipo akakubali.

Nimerudi saa kumi na moja. Njia zote nimezifunga nyekundu mwenyewe, na juu ya ramani nimeandika kosa ni langu, kwa jina langu, wala si la aliyeijenga. Yule dereva niliyemfuta nimemrudisha.

Limebaki moja, na ndilo nililokuwa naliogopa tangu Kisaka. Nimempigia Shija sasa hivi, kabla ya kumaliza kuandika. Ameitika kwa heshima kama kawaida yake, na nyuma yake nasikia mashine ya nakala inaguna.

Nikamuuliza, habari?

Akasema nzuri.

Sikukata simu. Nikanyamaza, nikangoja.