Sauti ya Pili kwenye Kaseti ya Mama

Louisville, Jumapili, Novemba 2015. Mawingu tangu asubuhi, baridi ya kuvaa soksi mbili.

Shajara yangu ya mtandaoni, leo nina la kuungama. Acha nianze na aibu ndipo nipumue.

Wanaosoma blogu hii wananijua. Mimi ni yule Mkenya anayependa bendi ndogo zisizo na kampuni, zile zinazojirekodi zenyewe nyumbani kwa mzazi wa mmoja wao, kisha zinauza albamu mlangoni baada ya shoo. Ugonjwa huu niliupata nikisoma chuo kikuu Buffalo, kwenye theluji ya kitongoji cha Amherst, wakati sikuwa na rafiki. Mwaka jana niliendesha gari zaidi ya saa tatu hadi Columbus kusikiliza vijana wanne wakiwapigia watu ishirini. Nimejaza kurasa hapa nikisifu albamu iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja. Uhaba huo niliuita ujasiri.

Siku hizi bendi hizo zimerudia kaseti, nami nikanunua redio ya kuzichezea. Kwenye rafu yangu, katikati ya kaseti mpya, ipo moja kuukuu niliyotoka nayo Eldoret. Ilikuwa ya mama. Ni kwaya fulani ya Kongo, jalada ni fotokopi iliyofifia ya wanawake waliovaa vitenge vya sare, bila jina la mtu hata mmoja. Mama aliicheza kila Jumapili akipiga pasi.

Lakini sikuitunza kwa ajili ya kwaya. Niliitunza kwa ajili yangu.

Kaseti za dukani zilikuwa na kitundu kwa juu ili usiweze kurekodi juu yake. Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilitafuna karatasi ya daftari la hesabu, nikakiziba, nikarekodi pop ya redioni juu ya kwaya ya mama. Katikati ya nyimbo nilijitangaza mwenyewe: DJ Chebet. Nilichapwa vizuri sana. Tangu hapo nimekuwa nikiwachekesha wageni kwa kisa hicho.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada kule Iroquois, nilikuwa jikoni mwa kanisa nikifuta vikombe na Mama Furaha. Ni Mkongo wa Uvira, anafunga maboksi ghalani, mtu wa maneno machache. Akawa anaimba midomo imefungwa. Nikasimama na kikombe mkononi. Nilijua ule wimbo. Nilijua hata mahali anapovuta pumzi.

Nikamwuliza ameutoa wapi.

"Ile? Ni wimbo yetu. Ni miye na dada yangu Esperance tuliimbaka. Donc, miye sauti ya kwanza, yeye ya pili."

Esperance alifia njiani wakati wa vita. Kaseti ya kwaya yao ilibaki nyumbani walipokimbia. Mama Furaha hana picha ya dada yake, wala sauti yake.

Sauti iliyonilea ilikuwa imesimama kando yangu inafuta vikombe, na miaka miwili mizima tumeishia kwenye salamu.

Nilipaswa kumwambia palepale nilichokifanya. Sikumwambia. Nilisema tu kwamba kaseti ninayo, akashika kifua. Wiki yote nimekuwa nikimwomba Mungu DJ Chebet awe hakufika kwenye wimbo huo. Kuisikiliza peke yangu sikuthubutu.

Leo amekuja kwangu Shively, amevaa kana kwamba anakwenda arusini. Chai hakuigusa. Nikabonyeza.

Ikaanza sauti yake, ya kisichana, nyembamba, isiyo na woga. Kisha ya pili ikaingia chini yake, nzito kidogo, na Mama Furaha akaweka kiganja juu ya spika.

"Njo yeye," akasema, yaani ndiye. "Njo yeye."

Ubeti mmoja tu. Kisha kukawa na mkwaruzo, na mtoto mwenye kiherehere akapaza sauti: "Wapenzi wasikilizaji, mko na DJ Chebet!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikazima, nikaanza kuomba msamaha, nikalia kabla sijamaliza. Yeye hakunitazama. Kiganja kikiwa bado kwenye spika, aliuendeleza wimbo kutoka palepale nilipoukata. Ilinichukua muda kutambua kwamba haimbi sauti yake. Aliimba ya Esperance. Ya kwanza aliiacha wazi.

Na mimi, niliyeufuta wimbo huo kwa sababu ulinichosha, nikakuta mdomo wangu umeshafunguka. Nilijua kila neno. Hata baada ya mimi kuiharibu kaseti, mama hakuacha kuuimba akipiga pasi. Basi tukaimba beti mbili zilizobaki, yeye sauti ya dada yake, mimi ya kwake, mpaka mwisho.

Nimesikiliza albamu nyingi maishani. Kitu kikubwa namna hiyo sijawahi kukisikia. Simu ya kurekodia ilikuwa mfukoni na sikuikumbuka hata kidogo.

Baadaye nilimwuliza kama nimfute yule msichana mpuuzi. Kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka.

"Apana, usimufute. Bon, na yeye ni mutoto ya mu nyumba."

Tukaurudia ule ubeti mmoja mpaka chai ikapoa, nikachemsha nyingine, nayo ikapoa.

Sasa amekwenda, na kaseti iko mbele yangu mezani. Karatasi niliyoitafuna ingali kwenye kitundu chake, imekauka. Kumbe miaka yote hii, kwa kubonyeza kitufe cha kurekodi kimakosa mara moja tu, ningeweza kumfuta Esperance hata huo ubeti wake mmoja.

Kesho akitoka kazini nampelekea kaseti, na redio yenyewe pia, viwe vyake. Lakini kwanza natafuta pini niichokoe hii karatasi.