Kibandiko cha Byron

Eldoret, 3 Februari 2024

Mama mpendwa,

Hamjambo huko Moiben? Mimi ni mzima, ila leo siwezi kutulia. Kibandiko cha chama chetu cha sayansi kimefanya kazi! Ni laini kama plasta, kinajikunja na ngozi, na joto la mwili likipita digrii thelathini na nane, kitaa chake kinawaka chekundu. Mwalimu Otiende ameniruhusu nimtumie Byron kimoja. Kibandike kifuani. Homa ikianza utajua mapema, kabla degedege halijamshika tena ndugu yangu. Shangazi Joy atakuletea.

Binti yako,
Nabalayo

Moiben, 12 Februari

Nabalayo mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, tumeaibika tu. Jana kanisani kitaa kiliwaka katikati ya mahubiri. Nilikuwa nimembeba Byron mgongoni, blanketi juu, nikageuza shingo nikaona wekundu ukipenya. Nilipiga kelele! Kibet wa bodaboda akatukimbiza zahanati kwa pikipiki. Nesi akapima: thelathini na sita na nusu.

"Mama, mtoto hana homa. Unampika kwa mgongo wako!"

Foleni nzima ilicheka. Nimekifungia kabatini.

Mama yako

Eldoret, 18 Februari

Mama,

Pole sana. Natumaini aibu imepoa na Byron anakula vizuri. Kosa ni langu. Tulikijaribu kwa wasichana waliokaa kwenye madawati, hakuna aliyebebwa! Hiki kipya ni cha kwapani. Kitaa kikiwaka akiwa mgongoni, mshushe kwanza, usubiri kidogo. Kikiendelea kuwaka, usingoje paji la uso lipate moto. Nimekipima mara arobaini. Tafadhali, Mama, jaribu tena.

Binti yako,
Nabalayo

Moiben, 9 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, na leo sisemi hivyo kwa mazoea. Juzi mchana Byron alikuwa akicheza mkekani, paji lake halijapata moto wowote, kitaa kikawaka. Jirani yetu Waithira akasema, "Wewe, achana na hiyo kitu. Unataka wakucheke tena?"

Nilisimama mlangoni, nikaisikia ile foleni ikicheka. Kisha nikambeba nikaenda. Nesi alipima thelathini na nane na nusu. Baada ya muda, thelathini na tisa. Lakini tayari walikuwa wamempima damu na kumpa dawa.

Degedege halikuja, Nabalayo. Halikuja.

Leo asubuhi amekibandua akakitafuna. Nimemtoa vipande vyote mdomoni. Tuma kingine upesi.

Mama yako