Usije Iga Barrière Jumamosi

Mdogo wangu Faustin,

Kama barua hii imekufikia kabla ya Jumamosi, kaa chini uisikilize hadi mwisho. Kama umeshafunga mfuko wa safari, ufungue. Najua umeapa kwamba hutaki kusikia sauti yangu tena. Ndiyo maana nimempa dereva wa lori barua hii ampelekee katekista, naye nimemwomba aisome mbele ya watu wote wa Kpandroma watakaokuja kwenye sala, ili hata ukiinuka na kutoka nje, jirani akufuate nayo mpaka nyumbani. Sikusoma sana, unajua darasa nililoishia. Lakini haya nimeyaandika kwa mkono wangu, na palipo na aibu yangu sijafunika.

Unakumbuka ile baiskeli nyeusi ya baba? Tulikuwa tunaisukuma kutoka shambani kwenda sokoni, magunia mawili ya viazi ubavuni na moja juu. Mimi mbele nikishika usukani, wewe nyuma ukisukuma kwa bega. Ulikuwa mfupi hata kichwa chako hakikuonekana nyuma ya mzigo. Nilikuwa nasikia sauti tu, ukiniita yaya, mimi kaka yako mkubwa.

"Yaya, inaegemea kwako ao kwangu?"

"Kwako. Sukuma, usiulize."

"Minauliza juu ni miye niko chini yake."

Hapo ndipo tulipojifunza uzito. Mlima ukianza, nilijua kwa mikono kama viazi vimehama, na wewe ulijua kwa bega. Hatukuhitaji kuambiana. Tulisimama pamoja, tukakaza kamba, tukaendelea.

Wakati wa kurudi baiskeli ilikuwa tupu, na hapo ulikuwa mtu mwingine. Uliteremka nayo mpaka kwenye kijito bila breki, ukizuia gurudumu kwa kandambili, na kila juma kandambili moja iliisha kisigino. Mama alikuambia kwamba siku moja utarudi bila mguu. Ukamjibu, "Miguu iko mbili, mama." Alikufukuza na mwiko, lakini alikuwa anacheka.

Nilipokuja Bunia kutafuta kazi, mimi niliendelea na mzigo, wewe ukaendelea na mteremko. Ulinitumia picha katika simu, baiskeli za mashindano zenye vyuma vyembamba na usukani uliopinda kama pembe. Nilizitazama nimekaa juu ya magunia pale depo, tunapopakia malori, mgongo unauma, nikakuandikia, "Hii velo itabeba nini?" Ukajibu, "Itanibeba miye." Nilimsomea kila mtu jibu lile. Muzee Anselme, mkubwa wetu wa wabebaji, alisema mdogo wangu anaongea kama mtoto wa tajiri.

Halafu picha zikakatika. Nilidhani umechoka na ndoto ile. Kumbe ulikuwa umepata muuzaji katika grupu ya simu ya vitu vya okazio, vilivyokwisha kutumika, na ulitaka kunishangaza. Yaliyofuata nayajua kwa sababu ulinipigia kelele yote kwa simu siku ulipofungua kartoni. Sitayasahau. Ninayarudia hapa si kwa kukuchoma. Wanaosikiliza nao wana simu, na wengine wanatafuta gitaa, kamera au baiskeli katika grupu hiyo hiyo.

Picha alizokutumia zilionyesha baiskeli imeegemea ukuta wenye maua, sakafu inang'aa kama sahani. Ukaomba picha nyingine, baiskeli ikiwa nje penye udongo. Akakutumia ile ile, ameikata pembeni. Ukaomba picha ya namba iliyochongwa chini ya pedali. Akasema kamera yake haioni vitu vya karibu. Bei ilikuwa ndogo, ya baiskeli ya kubebea mkaa. Alisema yeye ni shemasi, anasafiri kesho kutwa, na kuna watu wawili wanaisubiri nyuma yako. Ulipotaka kulipa, jina lililotokea katika simu likawa la mwanamke. "Ni namba ya bibi yangu," akakuambia. Kila kimoja ulikiona, Faustin, maana kila kimoja ulinisimulia. Ulikiona ukakipitisha, kwa kuwa tayari ulikuwa umeshapanda baiskeli ile kichwani mwako na ulikuwa unateremka.

Mwishoni ukafanya jambo ambalo mtu yeyote wa barabara yetu angefanya. Ulimwambia hutamalizia malipo mpaka uone kartoni inaingia katika lori juu ya bega la mtu wa depo. Sisi wa barabara ya Kpandroma hatuamini karatasi. Tunaamini dereva tunayemjua na mbebaji tunayemjua. Akionekana yeye, mali ipo. Hivyo ndivyo mama alivyopokea mabati yake, na hivyo ndivyo jirani zetu wote wanavyopokea vitu vyao mpaka leo.

Na mbebaji aliyeonekana nilikuwa mimi.

Nataka uijue siku ile kama ilivyokuwa. Mvua ilikuwa imekatika, uwanja wote matope. Akaja mtu mwenye viatu safi, anayejiita Trésor. Sidhani ni jina lake. Akanionyesha kartoni ndefu iliyozungushiwa utepe wa gundi. "Papa, beba ile. Pole pole, iko kitu ya kuvunjika." Juu yake palikuwa na jina la yule rafiki yako mwenye duka ambalo mizigo ya watu wote inashukia, si jina lako. Niliposoma Kpandroma nilifurahi tu kwamba kuna kitu kinakwenda nyumbani. Nikaiweka begani.

Nimebeba mizigo miaka kumi na mmoja. Baiskeli iliyotolewa magurudumu uzito wake unakaa katikati, penye pedali. Ile ya siku ile uzito ulikimbilia mwisho. Nilipoanza kupanda ubao wa lori, kitu kikateleza ndani kama maharage katika gunia lisilojaa, halafu chuma kikagonga chuma. Sikuwa nimefika juu, nikajua kwamba kilichomo si baiskeli wala si kitu cha kuvunjika. Nikasimama katikati ya ubao. Muzee Anselme alikuwa juu anapokea.

"Leta," akasema.

"Uzito yake haiko sawa, muzee."

"Weye unalipwa kubeba ao kupima? Leta."

Hiyo ndiyo desturi ya depo. Anayeuliza kilichomo, kesho haitwi. Hakuna anayemgombeza, hakuna anayemfukuza. Jina lake halitajwi asubuhi, basi, anazunguka Bunia nzima mikono mitupu. Nimeona wanaume wenye nguvu kuliko mimi wakipotea hivyo. Nikaendelea kupanda. Chini, Trésor alikuwa ameinua simu. "Papa, cheka kidogo, kiliya anataka kuona mutu anayebeba kitu yake." Nikacheka. Hata kidole gumba nilikiinua.

Ukaniona katika video aliyokutumia. Ukamalizia malipo siku ile ile, na ng'ombe mtamba ambaye mama alituachia akawa ameuzwa bure. Ndani ya kartoni ukakuta miguu ya kitanda cha chuma na unga wa mbao. Ulinipigia, na nilipoitika hukusalimia. "Yaya, nilikuona. Ulikuwa unacheka." Halafu ukamwaga yote kwa kelele, ukasema nimekula pamoja nao, ukakata. Tangu hapo simu yangu haiingii kwako.

Fungu nililokula ni mshahara wa kartoni moja, sawa na kartoni nyingine yoyote. Nilinunua wali na maharage. Lakini sitasema sina kosa. Bega langu liliniambia ukweli nami nikachagua kutojua, kwa sababu nilidhani kiliya, yule mnunuzi, ni mtu baki. Hilo ndilo linaloniamsha. Angekuwa mtu baki ningelala vizuri.

Sasa sikiliza sehemu hii, maana ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Juma lililopita mwanamke wa Fataki alikuja depo. Alikuwa na picha ya mume wake katika simu, mwanaume mwenye koti la kwaya. Mume huyo alinunua sinte ya okazio, kile kinanda cha umeme, kwa njia ile ile. Akapokea kartoni ya mawe. Baada ya siku chache wakampigia kwa sauti ya huruma: kartoni zilibadilishana, yako iko Iga Barrière, njoo na pesa kidogo ya kurudishia usafiri, uchukue kitu chako. Akavaa koti lake akaenda.

Yule mama alipita kwa mtu mmoja mmoja. "Mulimuonaka?" Tulitazama picha, tukatazama matope. Muzee Anselme akamletea kiti.

"Simu yake haiitike, mama?"

"Inaitika," akasema. "Lakini si yeye anaitika. Ni mutu ingine. Anasema bwana yangu iko anaoga. Siku tatu, muzee, iko anaoga tu."

Aliinuka, akashukuru kwa kiti, akaenda upande wa soko. Muzee Anselme alikirudisha kiti mahali pake na siku ile hakunitazama tena machoni. Nadhani naye alikuwa anahesabu kartoni tulizopandisha.

Jana asubuhi Trésor akaja tena, viatu safi vile vile. Hakuwa na kartoni. Alinivuta pembeni ya lori akanishika mkono kama tumezaliwa pamoja.

"Mudogo yako iko mugumu," akasema. "Kumbe weye ni yaya yake, hukuniambia. Kartoni zilibadilishana, unajua mambo ya depo. Velo yake iko Iga. Anaitika kuja Jumamosi, lakini anasema lazima akuone weye. Anasema, yaya yangu akiwa pale, nitakuja."

"Velo iko wapi pale Iga?"

"Iko."

"Niione kwanza."

Akacheka. "Papa, weye kazi yako ni kusimama tu. Atakuona kutoka mbali, atashuka. Halafu mutaongea ya kifamilia."

Akanieleza mahali. Si barabarani, si sokoni. Ni kwenye njia inayoteremka nyuma ya tanuru za matofali, kwa sababu, anasema, barabarani watu wanasumbua wenye mizigo. Faustin, nilichoma matofali pale mwaka mzima kabla ya kuingia depo. Tanuru zile zimeachwa. Hakuna mtu anayepita pale na baiskeli, mpya wala ya okazio. Hakuna anayepita kabisa.

Na nilielewa jambo jingine. Unanichukia, lakini bado unaamini kwamba mahali nilipo mimi hapawezi kukupata kitu kibaya. Walikuibia kwa uso wangu mara ya kwanza. Sasa wanakuita kwa uso huo huo, na wewe mwenyewe ndiye uliyeuagiza.

Usiniulize kwa nini sikwenda polisi. Nilifika hadi karibu na mlango. Kitu cha kwanza nitakachoonyeshwa ni ile video, mimi nikicheka na kidole juu. Usiniulize pia kwa nini sikupanda lori hili linaloleta barua. Nilitaka. Mguu wangu ulikuwa juu ya gurudumu. Lakini nikikosekana depo leo, Trésor atajua kabla ya jua kuzama, atakupigia na kukuita mahali pengine, siku nyingine, mahali ambapo mimi sipajui. Wakati huu angalau napajua.

Kwa hiyo akikupigia, muitikie. Mwambie ndiyo, unakuja. Sema neno hilo tu, asiulize zaidi. Halafu kaa nyumbani, na Jumamosi saa ya kukutana ikifika uzime simu. Watakuwekea haraka: kuna mwingine anaitaka, mlinzi ameondoka, mvua inakuja. Wakikutumia picha yangu nimesimama na baiskeli nzuri, usiiamini. Wakipiga simu ukasikia sauti yangu inasema shuka, mdogo wangu, hakuna shida, usiiamini hiyo nayo. Hakuna neno langu lolote litakalotoka Jumamosi lenye nguvu kuliko hili ninaloliandika leo nikiwa peke yangu.

Katekista, nakuomba, ukimaliza kusoma umshike mkono. Msimwache aende hata kama atasema anakwenda shambani. Na Jumamosi ikipita, yeyote mwenye simu aipige picha barua hii, aiweke katika ile grupu ya kuuza na kununua, mahali pale pale penye picha ya ukuta wa maua. Kabla ya hapo, hapana.

Mtamba sitaweza kumrudisha. Baiskeli ya mashindano pia siwezi kukuahidi, mgongo wangu hautafika huko. Ninalotaka ni uendelee kunichukia miaka mingi, uzeeke ukinichukia, ukiwa pale pale mlimani kwetu. Hilo linanitosha.

Trésor alipokuwa anaondoka nilimwambia ndiyo, nitakuja. Nitapanda naye Jumamosi asubuhi, nitasimama pale aliponionyesha, nitatazama njia. Saa ya kukutana itafika na wewe hutakuwapo. Watapiga simu na simu yako itakuwa imezimwa. Watasubiri, halafu mmoja wao atageuka kunitazama mimi, na hapo ndipo nitajua kwamba barua imefika.

Yaya yako