Haidrojeni Haina Nyutroni

Jumatano. Upepo wa kiangazi umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Sijala. Chakula kipo mezani, kimefunikwa.

Niandike tu, maana kuna watu wanaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni wakidhani mimi ni mwalimu mzuri.

Nafundisha kemia kwenye sekondari moja ya kata, nje ya mji wa Bariadi. Wiki tatu zilizopita nilikuwa na kidato cha pili, mada ni muundo wa atomu. Naipenda mada hii kuliko zote. Nilichora kiini ubaoni, ndani yake protoni na nyutroni, na nje elektroni zikizunguka kwenye njia zake. Nikawaambia kila kitu kimejengwa kwa atomu, kuanzia udongo mweusi wa mashambani kwao mpaka kucha za vidole vyao. Kisha nikaandika kwa herufi kubwa: kila atomu ina protoni, nyutroni na elektroni.

Limi Masunga akanyoosha mkono. Ana miaka kumi na tano, hukaa dawati la pili, na kila asubuhi hutembea karibu saa nzima kutoka kwao upande wa Kasoli. Si mtoto wa maneno mengi.

"Mwalimu, na haidrojeni je? Kwenye kiini chake hesabu yote ya chembe ni moja, na protoni ni moja. Moja toa moja ni sifuri. Nyutroni inatoka wapi?"

Darasa likacheka. Dirishani alikuwa amesimama mkuu wa shule, mikono mgongoni, anasikiliza.

Limi alikuwa sahihi. Haidrojeni ya kawaida haina nyutroni hata moja. Ningeweza kusema nilipitiwa, kwamba niligundua baadaye nilipofungua kitabu. Huo ungekuwa uongo.

Nilijua sekunde ile ile.

"Kumbe unajua kuliko mimi?" nikamwambia. "Basi shule umeshamaliza. Nenda nyumbani kachunge ng'ombe."

Nikamtoa nje, akasimama juani mpaka kipindi kikaisha. Mkuu wa shule akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika na nidhamu, akaondoka. Sentensi yangu ikabaki ubaoni na darasa zima likainakili kwenye madaftari.

Kesho yake Limi hakuja. Keshokutwa pia. Ni msimu wa kuvuna pamba, watoto wengi hupotea siku mbili tatu, na mimi nikajificha humo. Madam Joyce, mwalimu wao wa darasa, alikuwa akiuliza ofisini kama kuna anayejua habari za Limi. Nilikuwa nakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Juzi alikuja mpaka mezani kwangu. "Wanafunzi wanasema ni wewe uliyemwambia asirudi."

Jana baada ya vipindi nilichukua pikipiki nikaenda kwao.

Mzee Masunga, baba yake, alikuwa uani anachambua pamba, safi anaiweka huku, fifi, ile yenye madoa, kule. Kisukuma changu ni cha salamu tu. Nikasema "Mwadila, baba," akaitikia "Mhola," akaniletea kigoda mwenyewe. Aliponyoosha mikono miwili kunisalimu, mtu mwenye mvi nyingi kuliko baba yangu, nilitamani kurudi nilikotoka.

Nikamuuliza Limi yuko wapi.

"Yuko Bukundi kwa dada yangu. Anachunga. Si ulisema?"

Nikaokota pamba iliyodondoka, nikairudisha kwenye fungu.

"Mwalimu, mimi sikusoma," akaendelea, wala hakuwa na hasira. "Daktari akiniambia mtoto ana malaria, nampa dawa. Mwalimu akiniambia mtoto akachunge, nampa ng'ombe. Alilia siku mbili, anasema yeye ndiye alipatia. Nikamwambia, wewe mtoto, utampita aliyekufundisha?"

"Alipatia, mzee. Mimi ndiye niliyekosea."

Mikono yake ikasimama juu ya pamba.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Nilisubiri anitukane. Ingekuwa nafuu. Akasema tu, polepole, "Na mimi nikampiga."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia ndani akatoka na daftari la kemia, au kilichobaki. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimechanwa, zimewashiwa moto jikoni. Zilizobaki zilijaa michoro ya atomu, moja baada ya nyingine, elektroni zimepangwa kwa penseli iliyochongwa vizuri: mbili, nane, nane, mbili. Alikuwa amefika kalisi, elementi ya ishirini. Mimi darasani sijafika hata kwenye kaboni.

Baba yake akapiga simu Bukundi. Tulisubiri mtoto aitwe kutoka zizini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Limi. Nimekuja kukwambia kwamba siku ile ulikuwa sahihi."

"Najua, mwalimu."

Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. Nikamwomba msamaha. Akasema "Sawa," vile watoto wanavyosema kwa mkubwa, neno ambalo huwezi kujua ndani yake mna nini. Kisha akasema ng'ombe wameingia kwenye mahindi, akakata.

Nikamwomba mzee amrudishe. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili uko mbele na jina lake bado limo kwenye orodha. Akakataa. Yule dada yake mdogo wa Bukundi amejifungua juzijuzi, hana msaidizi, na yeye ameshatoa neno lake.

"Mimi siwezi kumnyang'anya mtu aliye kitandani," akasema. "Nenda wewe. Ukamwambie dada yangu kwa kinywa chako, kama ulivyoniambia mimi. Akikubali, mchukue."

Leo asubuhi niliingia kidato cha pili. Niliwaambia wafungue ukurasa ule wakate sentensi ile kwa kalamu nyekundu. Nikawaambia Limi alikuwa sahihi, kwamba nilijua, na kwamba nilimfukuza kwa sababu niliona aibu mbele ya mkuu wa shule. Nilitegemea watacheka. Hakuna aliyecheka. Walikata mstari wakiwa wameinama, na baada ya hapo, kipindi chote, hakuna aliyenyoosha mkono. Nilipouliza kama kuna swali, walitazama madawati yao.

Hilo nalo nimewafundisha.

Mkuu wa shule amepata habari. Ameniita ofisini saa saba, akasema nimeshusha hadhi ya walimu. Inawezekana.

Jumamosi naenda Bukundi. Nitamkuta mwanamke nisiyemjua, na mtoto mchanga mikononi, na nitalazimika kumweleza kwa nini namwondolea msaidizi wake. Hilo nitaliweza, nadhani. Ninaloliogopa ni Limi mwenyewe: shangazi akikubali, baba akikubali, kisha yeye anitazame na kusema, kwa adabu ileile, kwamba afadhali abaki na ng'ombe.