Chumvi kwa Kapeti ya Ngendo

Kui, uko? Ngendo, dadangu wa Mwihoko, amenipigia simu sasa hivi. Niko hapa Makongeni nacheka peke yangu, majirani wananiangalia.

Paka wake alijaza nyumba viroboto. Akaambiwa amwage chumvi kwa kapeti, aiache siku mbili, halafu aifagie. Leo asubuhi akamwaga pakiti nne.

Hajamaliza, akasikia hodi. Woi, akina mama wa fellowship ya kanisa! Alikuwa amesahau leo ni zamu ya kwake.

Mama Njau, kiongozi wao, akaangalia chini. "Ngendo, hii chumvi yote ni ya nini?"

Na unamjua Ngendo. Afadhali afe kuliko aseme ana viroboto. Akajibu, "Ni ya maombi, mama. Natakasa nyumba."

NATAKASA NYUMBA, Kui!!

Mama Njau akavua viatu, akapiga magoti pale pale kwa chumvi, na wengine wote wakafuata. Kwa kapeti ile ile! Ngendo anasema hajawahi kuomba kwa bidii hivyo, na ombi lilikuwa moja tu, viroboto watulie.

Hawakutulia. Katikati ya maombi Mama Njau akajikuna goti, akashika kitu kidogo cheusi, akakiponda kwa kucha.

Ngendo akataka ardhi immeze.

Mama Njau akasema, "Amen. Wamama, shikeni hii kapeti tuianike juani. Na wewe Ngendo, hiyo paka yako hushinda kwangu. Hata mimi nyumba yangu niliitakasa Jumanne."