Mafuta ya Papa Yasiyonuka

Jumatatu, 9 Julai 1951
Kijiko cha asubuhi nimemeza. Mafuta ya ini la papa, kama alivyoniagiza bwana wa zahanati. Mchana naona hata mdudu kwenye mchele. Magharibi ikiingia napapasa ukuta wa nyumba yangu mwenyewe. Mwezi wa tano mafuta haya yalinirudishia macho, nikawa nakwenda kucheza bao na kurudi bila kuanguka. Sasa yanapotea tena. Jana jioni nimeusalimia mgomba. Haukuitikia.

Mafuta huniletea Kabula, mjane wa Kinyamwezi anayekaa Kigamboni. Kila Jumamosi. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, kwa hiyo akifika ananiuliza mbona sijafa, kachoka kuusubiri ubwabwa wa matanga. Mie namwita mwizi. Tunacheka, tunakunywa chai. Wiki nzima hakuna mwingine anayekanyaga ua wangu.

Jumatano, 11 Julai
Paka kakataa kulamba kijiko. Paka huyu alikuwa ananifuata mpaka chooni kwa ile harufu. Nikanusa. Hayanuki. Papa gani huyo asiyenuka? Nikakaangia yai. Nyumba ikanukia kama kuna harusi. Nimekula vizuri, na shaka imeniingia.

Alhamisi, 12 Julai
Kipupwe kikali. Jana nililaza chupa nje ukutani, na pembeni ile ya mwezi wa tano yenye masalia. Alfajiri, ile ya zamani ni maji vilevile. Hii mpya imeganda, nyeupe kama mshumaa. Nimewapikia Wazungu miaka mingi, mafuta ya nazi nayajua. Papa humo kapita tu kusalimia.

Kabula kanichezea. Nina hasira.

Ijumaa, 13 Julai
Nikinyamaza, nabaki kipofu wa jioni mwenye mgeni mmoja. Nikisema, sijui.

Jumamosi, 14 Julai
Kafika na maneno yake. "We Mzaramo, bado unapumua? Na sahani za matanga nishaazima."

Nikamwambia, mwizi we, umenitilia nazi. Kacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Si ndiyo chakula chenu? Ukifa tutakukaangia humo humo."

Nikasema tena. Kacheka tena. Siku zote namwita mwizi, leo kaiba kweli na sina jina jingine la kumwita.

Basi nikaacha kucheka. Nikaweka chupa zote mbili mbele yake, nikaeleza taratibu kama karani wa baraza: hii iliganda, hii haikuganda. Kabula, macho yangu yanakufa.

Katazama chini. Kasema maini yote ya papa siku hizi anayanunua tajiri mmoja, anayapeleka Ulaya. Halafu, kwa sauti ndogo, "Ningekuja na nini?"

Kajifunga kanga, kaondoka. Chai hakuimaliza.

Jumatatu, 16 Julai
Swali lake halinitoki. Nilidhani ananieleza habari za biashara. Mtu atoke Kigamboni, avuke maji, atembee mpaka huku Temeke, kwa chupa moja? Biashara gani hiyo?

Mjinga mie. Mtani hutukanwa. Haambiwi jambo kwa uso usiocheka.

Jumamosi, 21 Julai
Hakuja. Nimefagia ua asubuhi, nikafagia tena adhuhuri. Nimemtukana paka. Hajui kujibu.

Jumamosi, 28 Julai
Kaja. Kaleta chupa inayonuka tangu njiani, paka nusura ampande kichwani. Sijui ini kalipata wapi, na hakusema. Nikasubiri aniulize kama nimekufa.

Kasema, "Shikamoo, mzee."

Kabula. Mimi na yeye hata mapengo tunalingana. Nikamwita mwizi, kwa sauti kubwa, majirani wasikie.

"Ndiyo, mzee," kasema.

Nikavuta mkeka. Kasema ana haraka.

Jumapili, 12 Agosti
Macho yamerudi. Chupa nyingine kaiweka dirishani jana, nami nikiwa msikitini. Safi kabisa, haigandi hata kwenye baridi.

Leo magharibi nimekaa kizingitini. Nimeiona njia yote mpaka kwenye mikorosho. Wamepita watu wawili, nikawatambua kwa mbali kabla hawajanifikia.

Bao sikwenda.